Hati Isiyosomeka Ni Sawa na Risasi Isiyoingia

Kyebando ni mtaa wa Divisheni ya Kawempe, upande wa kaskazini wa jiji la Kampala, karibu na soko la Kalerwe na Barabara ya Mchepuko ya Kaskazini. Kama ilivyo mitaa mingine ya jiji, una vijiduka vya kuchapa barua, kutoa kopi na kujaza fomu, ambavyo mwenyewe ana kompyuta moja, printa moja, na subira iliyo kubwa kuliko vyote viwili. Katika kimojawapo tulimkuta, miezi michache iliyopita, koplo mstaafu amekaa juu ya benchi, bahasha ya kaki imelala mapajani, naye akimsubiri binti wa duka amalize kazi ya mteja mwingine.

Shida yake ilikuwa hii. Barua yake ya kuandikishwa jeshini, ambayo ameitunza tangu ujana, yasema aliingia tarehe 3 Machi, 1987. Orodha ya wastaafu iliyopelekwa na ofisi moja kwa ofisi nyingine yasema aliingia tarehe 2 Machi, 1983. Kwa kuwa maandishi mawili hayapatani, malipo yake yalisimamishwa mpaka uchunguzi ufanyike. Askari wa Uganda hahitaji kuelezwa uzito wa tofauti hiyo. Mwaka 1983 jeshi la taifa lilikuwa UNLA, na NRA ilikuwa bado msituni. NRA iliingia Kampala Januari 1986. Kwa hiyo mzee wetu alikuwa akiulizwa aeleze ni kwa vipi alitumikia jeshi ambalo hakupata kulitumikia hata siku moja, na nyuma ya swali hilo kulikuwa na shutuma nyingine isiyosemwa wazi, kwamba huenda barua yake ni ya kughushi.

Yule binti wa duka ndiye aliyeligundua jambo. Mzee alikuwa na nakala ya orodha ndani ya flashi aliyopewa na wenzake, na binti alipoifungua akamwomba amtajie wenzake wawili watatu walioandikishwa naye siku ile ile. Wote walikuwa wameandikwa 2 Machi, 1983. Akachukua wa siku nyingine. Nao walikuwa wamerudishwa nyuma miaka minne na siku moja, sawasawa kabisa. Mtu akighushi, hughushi jina lake peke yake. Haghushi la kila mtu kwa kipimo kimoja.

Maelezo yake si magumu, na twaomba wasomaji wayafuate kwa makini, maana ndimo kiini cha makala haya kilimo. Programu ya majedwali haihifadhi tarehe kama sisi tunavyoiandika. Huhifadhi idadi ya siku zilizopita tangu siku fulani ya mwanzo, kisha huibadili idadi hiyo kuwa tarehe inapotuonyesha. Excel katika kompyuta zilizo nyingi huanza kuhesabu mwaka 1900. Excel ya kompyuta za Macintosh za zamani ilianza kuhesabu mwaka 1904. Kati ya hesabu hizo mbili kuna siku 1,462, ambazo ni miaka minne na siku moja. Karani akinakili safu ya tarehe kutoka kitabu cha aina moja na kuibandika katika kitabu cha aina nyingine bila kujua, namba huhama salama lakini maana hubaki nyuma. Hapana tarakimu hata moja iliyopotea njiani katika orodha ya wazee wale. Kila kitu kilifika, na kila kitu kilikuwa uongo.

Basi sisi twauliza: je, mashine hizo mbili zilielewana?

Wataalamu wana neno lao refu kwa jambo hili, nasi tunaliita utangamano. Ni jamaa wa neno mtangamano tunalolisikia kila viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanapokutana. Neno ni jepesi kutamka, lakini wauzaji wa mashine na programu wamelitumia ovyo hata limechakaa. Kila mmoja husema bidhaa yake ina utangamano, na ukimwuliza maana yake atakuonyesha kwamba faili imefunguka katika kioo. Hiyo si maana yake. Mwaka 1990 chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, IEEE, kilieleza kwamba ni uwezo wa mifumo miwili au zaidi kupashana habari na kuzitumia habari hizo zilizopashwa. Tazama nusu ya pili ya maelezo hayo. Kupokea hakutoshi, sharti kile kilichopokewa kitumike kama mpelekaji alivyokikusudia. Msamiati wa Shirika la Kimataifa la Viwango, yaani ISO, wa mwaka 1993, ulikwenda mbele zaidi: mtumiaji awe hana haja, au awe na haja ndogo tu, ya kujua tabia za pekee za mashine ya upande wa pili.

Sharti hilo la ISO ndilo tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu linamtetea mnyonge. Koplo wa Kyebando hakupaswa kujua kwamba kuna hesabu ya 1900 na hesabu ya 1904. Wala karani aliyeibandika safu ile hakupaswa kujua. Pale ambapo mtu lazima ajue siri ya mashine ya mwenzake ndipo hati yake ipone, hapana utangamano, hata kama faili imefunguka kwa rangi za kupendeza.

Askari watalielewa jambo hili upesi kuliko wenye maduka ya kompyuta. Chukua risasi. Kuna risasi ya milimita 7.62 yenye ganda la urefu wa milimita 39, ambayo ndiyo ya bunduki ya AK-47. Kuna ya milimita 7.62 yenye ganda la milimita 51, ya majeshi ya NATO, iliyotumika katika FN FAL na G3. Tena kuna ya milimita 7.62 yenye ganda la milimita 54 lenye ukingo kitakoni, ya bunduki za rasharasha za PK. Zote tatu ni 7.62. Mtunza ghala asiye mwanajeshi, akiletewa hati ya kuomba "risasi za 7.62, masanduku kumi", atapeleka masanduku kumi kwa moyo safi kabisa, na kikosi kitakachoyapokea kitakuwa na masanduku kumi ya chuma kisicho na kazi. Jina lilipatana na kipimo cha mdomo wa mtutu kilipatana. Kilichokosekana ni yale mengine ambayo jina halikuyasema.

Hati za kompyuta ziko vivyo hivyo. Muhuri wa kiwango ulio juu yake ni ile 7.62, na tunalohitaji kujua ni urefu wa ganda.

Hapa inafaa tueleze kidogo habari ya viwango vyenyewe. Kwa miaka mingi hati za ofisi duniani ziliandikwa kwa mitindo iliyokuwa siri ya makampuni. Mwaka 2005 shirika la OASIS lilipitisha mtindo wa wazi uitwao ODF, na mwaka 2006 ISO ikautoa kama kiwango namba 26300. Mwisho wa mwaka huo huo wa 2006 mtindo wa kampuni ya Microsoft, uitwao OOXML, ulipitishwa na shirika la Ecma, kisha ukapelekwa ISO. Kura ya kwanza, Septemba 2007, haikutosha. Baada ya mkutano wa Geneva wa Februari 2008 kura zikatimia, na ijapokuwa Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufaa, kiwango namba 29500 kilitolewa Novemba 2008. Ndiyo kusema kuna viwango viwili vya kimataifa kwa kazi moja, na vyote vina muhuri halali.

Wako wanaotaka tuchague upande na kuulaani wa pili. Sisi hatuoni kwamba ugomvi huo utamsaidia koplo. Kila upande una dosari yake, na dosari hizo zinafundisha zaidi kuliko sifa.

Kiwango cha OOXML kilipotoka mara ya kwanza kilikuwa na kurasa kama 6,000, ilhali kile cha ODF kilikuwa na kama 700. Lakini wingi wa kurasa si ukamilifu. Ndani ya kurasa zile 6,000 kulikuwa na maagizo yaliyosema, kwa maana yake, kwamba programu ipange nafasi kati ya maneno kama ilivyofanya Word ya mwaka 1995, au ikate mistari kama ilivyofanya Word ya 1997, pasipo kueleza Word hizo zilifanyaje. Afisa gani angekubali kupewa amri ya vita isemayo, "Kikosi kivuke mto kwa namna ile aliyokuwa akivukia kapteni wa zamani"? Aliyekuwa chini ya kapteni huyo atavuka. Wengine wote wataishia majini. Kadhalika kiwango hicho kilihifadhi kosa la kale la kuhesabu siku ya 29 Februari, 1900, siku ambayo haikuwapo duniani. Kosa hilo Excel ililirithi kutoka programu ya Lotus 1-2-3 na kulitunza kwa makusudi, ili majedwali ya zamani yasivurugike. Wakati mwingine kupatana na wazee ni kukubali pia makosa yao. Lakini basi yaandikwe wazi ili kila mtu ayajue.

ODF nayo ilikuwa na shimo lake, na lilikuwa kubwa. Matoleo yake ya kwanza hayakueleza kwa ukamilifu jinsi ya kuandika kanuni za hesabu ndani ya majedwali. Kila programu ikaziandika kwa namna yake. Mwaka 2009 Microsoft iliongeza katika Office 2007 uwezo wa kufungua faili za ODF. Watu walipofungua majedwali yaliyotengenezwa kwa programu nyingine waliona kwamba namba zipo, lakini kanuni za hesabu zimeondolewa. Pande zote mbili zilidai, na kwa herufi ya kiwango zilikuwa na haki, kwamba zimefuata kiwango. Kasoro hiyo ya kiwango ilizibwa katika toleo la 1.2 la mwaka 2011.

Fikirini maana yake katika stoo ya kambi. Sajini wa chakula ana jedwali la posho na maharage: idadi ya askari, gramu kwa kila mtu, siku, na mwisho jumla ya kilo. Limetengenezwa kwa programu moja, limefunguliwa kwa nyingine. Linaonekana zima. Idadi ya askari inabadilishwa kutoka 120 kuwa 150, na jumla inabaki ile ile ya watu 120, kwa sababu haikuwa tena hesabu, ilikuwa picha ya hesabu. Watu 30 watalala njaa, na sajini atashitakiwa kwa wizi ambao hakuufanya. Huo ndio mfano unaotupasa kuushika: kufuata kiwango ni jambo moja, na utangamano ni jambo la pili. La kwanza ni uhusiano kati ya programu na karatasi. La pili ni uhusiano kati ya programu na programu, na mtu aliye nyuma yake.

Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kuanza kazi 1989, hulijua jambo hili katika mizani. Mkaguzi akija sokoni Kalerwe hasomi tu maandishi yaliyochorwa juu ya jiwe la kupimia kisha akaondoka. Hulipima kwa jiwe lake mwenyewe. Ajabu ni kwamba ofisi zinazonunua kompyuta kwa mamia hukubali maandishi yaliyochorwa.

Tumekwisha kusikia jibu la baadhi ya maofisa, nalo si jibu la kijinga. Husema: kwa nini tusumbuke? Kila ofisi inunue programu moja, toleo moja, na shida itakwisha. Twakubali kwamba ndani ya ofisi moja, au hata kikosi kimoja, shauri hilo lina faida, kama vile kikosi kinavyopaswa kuwa na bunduki za aina moja. Lakini hati haikai ofisini. Jalada la polisi huenda kwa mwendesha mashitaka, na kwa daktari, na mahakamani, na kwa wakili wa mshitakiwa ambaye hana wajibu wowote wa kununua programu aliyoichagua polisi. Majeshi yetu nayo hayafanyi kazi peke yake. Uganda ilipopeleka wanajeshi Mogadishu Machi 2007, ilifuatwa na Burundi, baadaye Djibouti, Kenya na Ethiopia. Mataifa yenye lugha za ofisi zilizo mbalimbali na mashine walizozinunua kila mmoja kwa bei yake. Hapana amiri anayeweza kuwaamuru wote hao wanunue programu moja. Anachoweza kuwaomba ni kwamba taarifa ya majeruhi iliyoandikwa na mmoja isomwe na wote bila upungufu.

Tena kuna wakati. Hati ya kuandikishwa askari wa miaka 18 itahitajika siku atakapostaafu, na baada ya hapo itahitajika na mjane wake. Programu gani ya leo mtathubutu kuapa kwamba itakuwapo? Jimbo la Massachusetts katika Marekani lilipoamua mwaka 2005 kutumia mitindo ya wazi, hoja yake kubwa ilikuwa hiyo, kwamba kumbukumbu za umma ni mali ya umma na zisitegemee uhai wa kampuni yoyote. Uingereza mwaka 2014 ikachagua ODF kwa hati za serikali zinazohaririwa, na PDF au HTML kwa zile za kusoma tu. PDF ni njia nzuri, na aina yake iitwayo PDF/A imekuwa kiwango cha ISO cha kuhifadhi kumbukumbu tangu 2005. Lakini PDF ni hati iliyokwisha kusema neno lake. Haifai kwa jedwali ambalo kesho litaongezwa majina.

Na tusisahau kwamba sisi wenyewe tunaishi ndani ya kiwango. Kiswahili kiliingia katika kambi za Uganda pamoja na King's African Rifles, kikizungumzwa kila mtu kwa namna yake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ikaanza kazi. Watu wa Mombasa walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika, kwa kuwa lahaja yao ilikuwa na ushairi mkubwa. Lakini kitabu kilichopigwa chapa mahali pamoja kikasomeka kotekote. Katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, haikuhitaji kueleza ni Kiswahili gani.

Hata herufi zina habari yake. Luganda na Kiacholi zina herufi ŋ, kama katika eŋŋoma, yaani ngoma. Hapo zamani waliotaka kuichapa walitumia fonti zilizobadilishwa kienyeji, ambamo alama nyingine ilichorwa upya ionekane kama ŋ. Hati ikihamia kompyuta isiyo na fonti hiyo, alama ya kale hujitokeza, na jina la mtu huharibika katikati. Leo herufi hiyo ina namba yake katika kiwango cha Unicode, na hapana sababu ya kuendelea na ujanja ule. Jina la shahidi likiandikwa namna tatu katika jalada moja, wakili hodari atawafanya mashahidi watatu.

Sisi twapendekeza kwamba ofisi yoyote ya jeshi au polisi inayonunua programu isikubali neno utangamano katika mkataba mpaka lifuatane na jaribio. Zichukuliwe hati zetu wenyewe, si za mfano za muuzaji: orodha ya wastaafu, jedwali la mgao wa chakula, maelezo ya shahidi yenye picha na ŋ. Zifunguliwe katika programu ya pili, zirekebishwe, zihifadhiwe, zirudishwe katika ya kwanza. Kisha zilinganishwe, tarehe kwa tarehe na kanuni kwa kanuni. Na anayefanya jaribio awe karani wa kawaida asiyeambiwa hati imetoka katika programu gani, maana yeye ndiye atakayekuwa mezani siku muuzaji amekwisha kuondoka. Programu itakayoshindwa irudishwe kama buti zisizo za saizi.

Kuhusu tarehe, jeshi lina dawa yake ya tangu zamani, na ni aibu kwamba haikuvuka kutoka chumba cha simu hadi chumba cha makarani. Afisa wa mawasiliano haandiki "3/3/87". Huandika siku, saa, herufi ya eneo la saa, mwezi kwa jina na mwaka. Na kila mwanajeshi wa Afrika Mashariki ajua kwamba eneo letu ni Charlie, saa tatu mbele ya ile ya Greenwich. Hapana mahali pa kukosea. Makarani nao wanaweza kuandika tarehe kwa maneno, au kwa mpango wa ISO wa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na kuihifadhi kama maandishi pale inapokuwa ya kumbukumbu tu na si ya kuhesabiwa. Namba za simu na namba za askari zenye sifuri mwanzoni zihifadhiwe hivyo hivyo, la sivyo jedwali litaimeza sifuri na kumpa mtu namba isiyo yake.

Koplo mstaafu hakungoja mkataba mpya. Siku ile ile binti alimchapia barua ya kurasa mbili, akaambatisha kopi ya barua ya 1987 na majina ya wenzake saba waliokutwa na tofauti ile ile ya siku 1,462, kila mmoja na tarehe zake mbili. Mzee aliisoma yote, akakohoa, akasema tarehe yake iandikwe pia kwa maneno. Binti akaandika: siku ya tatu ya mwezi wa Machi, mwaka elfu moja mia tisa themanini na saba. Tulipopita tena Kyebando wiki iliyopita, barua ilikuwa imepokewa na kupigwa muhuri, na yeye alikuwa bado anasubiri jibu.